Anza na Mstari wa Juu: Kusoma na Kutengeneza Kipima Kina cha Karatasi

Kwenye karatasi ya kipima kina kuna mstari ambao wavuvi wengi hawautazami kabisa: ule wa juu, mweusi, ulionyooka, unaofuatana na ukingo wa karatasi tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa. Macho yote huenda chini kwenye vilima na mabonde, au katikati ambako madoa ya samaki hutokea. Lakini mtu akiniletea kipande cha karatasi na kuniuliza mashine yake ina ugonjwa gani, mimi huanza na mstari huo. Ndiyo alama ya wakati ule sauti ilipotoka kwenye chombo, na kila kitu kingine kilichochorwa kimepimwa kutoka hapo. Tena kimepimwa kwa muda. Mashine haijui mita wala pima. Inajua muda tu, na namba za kina zilizochapishwa pembeni ni za kweli ilimradi mashine inakwenda kwa kasi iliyokusudiwa. Anayelielewa jambo hili atasoma samaki vizuri zaidi, na atatambua hitilafu nyingi kabla hajamwita fundi.

Ndani ya sanduku kuna mota inayozungusha mkanda, na kwenye mkanda imefungwa kalamu, yaani sindano nyembamba ya waya. Kalamu inapofika ukingo wa juu wa karatasi, sumaku au swichi ndogo huuamsha mtambo, na transdyusa iliyofungwa chini ya chombo hupiga mpigo mfupi wa sauti kuelekea chini. Wakati huo kalamu inaendelea kuteremka juu ya karatasi. Mwangwi ukirudi, transdyusa ileile huupokea, mtambo huukuza na kuupeleka kwenye kalamu ukiwa umeme wenye volti kubwa, na kalamu huunguza karatasi pale pale ilipofika. Karatasi kavu ina tabaka jepesi la kijivu juu ya tabaka jeusi la kaboni. Umeme huchoma la juu, weusi ukajitokeza. Kisha kalamu huzunguka nyuma na kurudi juu, karatasi ikiwa imesogea kidogo, na mpigo mwingine unatoka. Picha unayoiona ni mistari hiyo mingi myembamba iliyopangwa ubavu kwa ubavu.

Sasa tupige hesabu. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ukiweka mashine kwenye kipimo cha mita 0 hadi 100, sauti ya kufika mita 100 inakwenda na kurudi mita 200, na hilo huchukua kama sekunde 0.13. Kwa hiyo kalamu lazima ikate upana wote wa karatasi kwa sekunde 0.13, isizidi wala isipungue. Mota ikilegea, mwangwi utarudi kalamu ikiwa bado haijafika mbali, alama itachorwa juu ya mahali pake, na utasoma kina kidogo kuliko kilichopo. Mota ikizidi kasi, alama itachorwa chini zaidi, na utasoma maji mengi kuliko yaliyopo. Kosa la kwanza litakupotezea samaki. La pili litakupandisha mwambani.

Kasi ya sauti nayo hubadilika kwa joto na chumvi. Kwenye bahari yetu yenye joto la nyuzi 28 hivi, sauti hukaribia mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mashine iliyopimwa kwa 1,500 itaandika mita 97 mahali penye mita 100. Katika Ziwa Tanganyika, maji yasiyo na chumvi na yenye nyuzi 25 huipeleka sauti karibu sawasawa na hiyo 1,500, na mashine hiyohiyo itasema kweli. Baadhi ya mashine za zamani zilizogawanywa kwa pima zilikadiria futi 4,800 kwa sekunde, yaani kama mita 1,463. Hizo kwenye pwani yetu hupunguza kina kwa mita 5 katika kila 100. Tofauti hii haitengenezwi kwa bisibisi. Ijue tu, na uizingatie unapolinganisha karatasi yako na ramani ya bahari. Kumbuka pia kwamba kina huhesabiwa kutoka kwenye uso wa transdyusa. Ikiwa imekaa mita moja chini ya usawa wa maji, ongeza mita moja, isipokuwa kama mashine yako ina kirekebisho cha kuushusha mstari wa juu kwa kiasi hicho.

Vipima kina vya mwangwi vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya usalama wa meli. Samaki hawakuwa shabaha. Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwatzi kutoa sauti majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akizitafuta nyambizi. Wavuvi walianza kuona manufaa ya vipima hivyo katika miaka ya 1930. Nahodha Mwingereza Ronald Balls, mvuvi wa heringi, alitambua kwamba madoa yaliyoning’inia kati ya juu na chini yalikuwa makundi ya samaki. Mwaka 1935 mtafiti wa Norway, Oscar Sund, alichapisha katika jarida la Nature michoro ya samaki aina ya cod wa visiwa vya Lofoten wakiwa wamejipanga katika tabaka jembamba. Huko Nagasaki, Japani, ndugu wa ukoo wa Furuno walitoa mwaka 1948 mashine iliyouzwa mahsusi kwa kutafutia samaki. Huku kwetu, meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipita kwenye maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983 ikikadiria akiba ya samaki kwa mwangwi na kwa nyavu za kukokota, hadi kina cha mita 500. Mengi tunayoyajua kuhusu samaki wa ukingo wa bara letu yalipitia kwanza kwenye karatasi za aina hii.

Sasa tuje kwenye vitufe. Kinachowashinda wengi ni usikivu, kitufe kinachoamua mwangwi hafifu kiasi gani uandikwe. Wengi hukiweka chini ili karatasi iwe safi. Karatasi safi kupita kiasi imewaficha samaki. Uzungushe usikivu hadi karatasi ianze kuwa na vumbi la madoa madogo kila mahali, kisha urudishe nyuma kidogo mpaka vumbi hilo libaki kwa mbali sana. Hapo ndipo mashine inasikia kila inachoweza kusikia. Kina kikiongezeka, ongeza tena, maana mwangwi wa mbali hurudi ukiwa umechoka.

Kipimo cha kina nacho kitumike kwa akili. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo lina sehemu zenye kina cha mita 1,470, nimeona watu wakihangaika kuitafuta sakafu ya ziwa kana kwamba wanataka kutia nanga. Hewa ya oksijeni katika ziwa lile huishia kama mita 100 upande wa kaskazini na kama 200 upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna dagaa wala mgebuka. Weka kipimo cha mita 0 hadi 100 au 200, upana wote wa karatasi utumike mahali samaki wanapoishi, na sakafu uiache. Maji baridi yana faida nyingine: mtetemo wa juu, kama wa kilohezi 200, hunyonywa haraka na chumvi za baharini, lakini ziwani hufika mbali zaidi. Baharini, ukitaka kina kirefu, tumia kilohezi 50 au chini ya hapo.

Kuhusu samaki wenyewe, elewa kwamba sauti haitoki kwenye transdyusa kama uzi. Hutanuka. Mwale wenye pembe ya nyuzi 20 unakuwa na kipenyo cha mita 17 hivi ukifika kina cha mita 50, na cha mita 35 ukifika 100. Chombo kikimpita samaki mmoja, mwale humgusa kwanza kwa ubavu, akiwa mbali kidogo. Kisha anakuwa chini kabisa ya chombo, umbali ukiwa mfupi zaidi. Halafu anaachwa nyuma na umbali unaongezeka tena. Karatasi, kwa kuwa inaandika muda, huchora upinde ulioinuka katikati, kama mwezi mwandamo uliopinduliwa kifudifudi. Samaki hakupinda wala hakupanda. Na ukiwa umetia nanga, samaki mdogo aliyetulia chini ya mkuku atachora mstari mrefu mnene ambao mgeni wa mashine ataudhania ni papa. Urefu wa alama unatokana na muda aliokaa ndani ya mwale. Unene na weusi ndivyo vinavyoeleza nguvu ya mwangwi.

Nguvu hiyo nayo hutoka hasa kwenye kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, kwa sababu hewa hurudisha sauti kuliko nyama na mifupa. Kwa hiyo chewa au changu wa wastani anaweza kuandika alama nyeusi kuliko papa mkubwa, kwani papa na taa hawana kibofu. Sehewa naye hana. Nahodha anayevua sehewa asikate tamaa kwa karatasi nyepesi ikiwa ndege wanapiga mbizi mbele yake.

Kundi la dagaa huchorwa kama wingu lenye kingo zilizochanika. Alfajiri utaliona likiteremka kwa mshazari kadiri mwanga unavyoongezeka, na jioni likipanda. Wavuvi wa karabai wameijua tabia hiyo kabla ya mashine yoyote, ila mashine huwaonyesha dagaa wamefika kina gani, na huwasaidia kuamua wavu ushushwe kiasi gani. Mstari mwembamba wa vumbi unaokaa kina kilekile maili kwa maili mara nyingi ni mpaka wa maji ya moto na ya baridi pamoja na vijidudu vilivyokusanyika hapo. Nyavu hazitapata kitu ndani yake. Lakini samaki wakubwa hupenda kuzunguka mpaka huo, kwa hiyo usiupuuze.

Samaki wa mwambani ni wagumu zaidi. Mpigo wa sauti una urefu: ukidumu elfu moja ya sekunde, una mita 1.5 majini, na vitu viwili vilivyo karibu kuliko sentimita 75 kwa kina huandikwa kama kimoja. Chewa aliyelala juu ya jiwe anamezwa na alama ya jiwe. Kwa sababu hiyo mashine nyingi ziliwekewa kitufe cha mstari mweupe: mara mwangwi mzito wa sakafu unapoanza, mtambo hukata maandishi kwa kitambo, na sakafu huonekana kama uzi mweusi wenye mkanda mweupe chini yake. Kidoa chochote kilichokaa juu ya uzi huo ni kitu tofauti na sakafu. Kwenye miteremko mikali, kama kando ya Mkondo wa Pemba, hata hilo halisaidii sana. Ukingo wa mwale hugusa mteremko kabla ya katikati ya mwale kufika chini, karatasi ikaandika kina cha pale ubavuni, na samaki walio chini kabisa ya chombo wakapotea ndani ya weusi.

Tazama pia mstari wa pili wa sakafu, unaotokea mara mbili ya kina cha wa kwanza. Sauti imerudi juu, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena na kurudi. Mwamba na mchanga mgumu huuchora waziwazi. Tope huimeza sauti na mstari wa pili hufifia au hukosekana. Mvutaji wa nyavu za kukokota anayeuzoea mstari huu ataokoa nyavu nyingi. Usiogope sana milima inayochongoka kama misumari, kwa kuwa mchoro umekuzwa kwa upande mmoja. Chombo kinachokwenda noti 6 hukata mita 185 kwa dakika, na karatasi ikisogea milimita 20 kwa dakika, kila milimita ya ulalo ni mita 9 na zaidi. Kwa wima, karatasi yenye upana wa milimita 150 kwenye kipimo cha mita 100 hubeba chini ya mita moja kwa milimita. Mteremko unaonekana mkali mara 14 kuliko ulivyo.

Sasa hitilafu. Ukiona kitu hakiandikwi, jiulize: mstari wa juu upo?

Kama haupo, usishuke majini wala usiguse transdyusa. Shida iko sandukuni, upande wa kuandika, au umeme haufiki. Angalia fyuzi. Angalia karatasi haikutiwa kinyume, upande wa nyuma ukitazama kalamu. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Angalia ncha ya kalamu kama imelika, na kama inagusa karatasi kwa mkazo mdogo ulio sawa toka juu hadi chini. Angalia reli inayopeleka umeme kwenye kalamu, kwa kuwa masizi ya kaboni hujikusanya hapo na kuzuia umeme au kuurusha cheche pembeni.

Kama mstari wa juu upo lakini sakafu haipo, ongeza usikivu hadi mwisho. Vumbi la madoa likitokea karatasi nzima, upande wa kupokea ni mzima, na sasa shaka iko kwenye kutoa sauti, kwenye transdyusa, au kwenye maji yenyewe. Mwambie mtu atege sikio kwenye mbao za chini karibu na transdyusa. Mara nyingi mpigo husikika ukigonga tiki, tiki. Ukisikika, sauti inatoka, na inawezekana uso wa transdyusa umefunikwa kwa viumbe vya baharini, mafuta, au rangi ya mkuku iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Usafishwe kwa sabuni na kitambaa, rangi ikwanguliwe kwa upole kwa ubao. Nyundo na patasi zikae mbali. Vumbi lisipotokea hata usikivu ukiwa wote, kagua waya wa transdyusa na kiungio chake. Chumvi hupenda sana mahali hapo, na kutu ya kijani ndani ya plagi inatosha kuinyamazisha mashine nzuri.

Sakafu ikionekana chombo kikisimama na kupotea kikienda kasi au kikirudi nyuma, mashine haina kosa. Mapovu yanapita chini ya transdyusa, na hewa huzuia sauti. Dawa ni kuihamisha mahali maji yanapopita laini, mbali na panga la injini, na isikae nyuma ya kitu chochote kilichochomoza. Mistari ya madoa iliyolala mshazari, yenye nafasi sawa, ni mipigo ya kipima kina cha chombo jirani. Mikwaruzo inayoongezeka injini ikiongezwa moto inatoka kwenye mfumo wa kuchoma mafuta kwa cheche au kwenye altaneta. Zima injini, acha chombo kielee. Ikitoweka, umempata mkosaji. Dawa yake ni kuutenga waya wa transdyusa na nyaya za injini, na kuipa mashine waya wake wenyewe wa moja kwa moja toka betri.

Mstari wa juu ukiwa unayumba au umevunjika vipande, chunguza mkanda uliolegea na ile sumaku au swichi inayoamsha mpigo. Sakafu itayumba nao kwa kiasi kilekile, na mgeni atadhani ni mawimbi. Mawimbi ya kweli huitikisa sakafu peke yake na kuuacha mstari wa juu umenyooka.

Kina kinachotiliwa shaka kipimwe. Siku ya maji matulivu, shusha sahani ya chuma kwa kamba iliyowekwa alama, mita 5, kisha 10, kisha 20, chini ya transdyusa, uone karatasi inaandika nini. Kosa likiwa lilelile katika kila kina, mstari wa juu haujawekwa mahali pake. Likiongezeka kadiri unavyoshusha, kupita ile tofauti ya kasi ya sauti, kasi ya mota si sahihi, na hapo pima volti kwenye plagi ya mashine ikiwa inafanya kazi, maana betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikipumzika. Bildi ya zamani, ile risasi ya kupimia kina kwa kamba, nayo isitupwe. Ndiyo hakimu pale mashine na ramani zinapobishana. Na ukiona sakafu ya mita 20 mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwamba, badili kipimo cha kina. Sakafu ya kweli itasoma namba ileile kwenye kipimo kipya. Ikiruka na kusoma namba nyingine, ni mwangwi wa mbali uliochelewa ukaandikwa kwenye mzunguko uliofuata wa kalamu.

Kabla ya kufungua kifuniko, zima umeme na usubiri. Volti za kwenye kalamu zinaweza kumdhuru mtu aliyelowa maji ya chumvi, na kapasita ndani ya sanduku hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Masizi yaondolewe kwa burashi kavu laini. Usitumie kitambaa chenye mafuta, maana mafuta na kaboni vikichanganyika hutengeneza njia ya umeme pasipotakiwa.

Karatasi mpya za mashine hizi zimekuwa adimu tangu vipima kina vyenye skrini za rangi viliposhika soko, kwa hiyo ulizonazo ziwekwe kwenye kopo lililofungwa vizuri, mbali na joto la injini. Zilizokwisha kutumika zina thamani kubwa zaidi. Andika ukingoni, kwa kalamu ya risasi, tarehe, saa, mahali, uelekeo wa chombo, kasi, na kipimo cha kina kilichotumika. Bila hayo karatasi itakuwa mapambo. Zile za kavu zitakaa miaka mingi zisipochubuliwa. Zile za zamani za majimaji, ambazo huandika kwa iodini (madini joto) na kutoa alama za kahawia, hufifia zikikauka na kupigwa na mwanga, na kuna masanduku yake yaliyosahaulika kwenye ofisi na stoo za uvuvi kote pwani. Anayezimiliki azipige picha mwaka huu, mita kwa mita, pamoja na maandishi yote ya ukingoni.